Ngoma Ilipoingia Chuo Kikuu: Funzo la Profesa Nketia wa Ghana

Ipo kasumba moja ya kikoloni ambayo imechukua muda mrefu kung'oka katika vichwa vya wasomi wa Afrika. Ni ile inayoigawa elimu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni elimu inayoitwa ya kweli, ambayo huandikwa vitabuni na kutunukiwa shahada. Fungu la pili ni mambo yanayoitwa ya kienyeji, ambayo hufaa kuonyeshwa mbele ya wageni siku ya sikukuu na kusahauliwa kesho yake. Katika mgawanyo huo, ngoma na nyimbo zimetiwa siku zote katika fungu la pili. Mtumishi wa serikali anayetaka kupamba sherehe huagiza kikundi cha ngoma. Lakini anayetafuta ushauri juu ya elimu, historia au uongozi wa chuo hafikirii hata mara moja kumwita mtu wa ngoma.

Kwa sababu hiyo maisha ya marehemu Profesa Joseph Hanson Kwabena Nketia wa Ghana yanastahili kutazamwa kwa makini na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma barani Afrika. Huyu alianza kazi akiwa mwalimu wa kawaida katika chuo cha ualimu. Akawa mchunguzi wa nyimbo za misiba na lugha ya ngoma. Akaja kuiongoza Taasisi ya Uchunguzi wa Mambo ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Ghana, huko Legon, kuanzia mwaka 1965 hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Na uzeeni akawa Mkuu wa kwanza wa chuo kingine chenye hadhi ya chuo kikuu. Alifariki dunia tarehe 13 Machi, 2019, akiwa na umri wa miaka 97.

Wako wanaoyasimulia maisha hayo kana kwamba yalikuwa na sehemu mbili zisizohusiana: kwanza mtaalamu wa muziki, kisha mtawala wa ofisi. Masimulizi hayo yana kosa. Nketia hakuuacha muziki ili awe kiongozi. Aliongoza kwa kufuata yale aliyojifunza kwa wapiga ngoma, na hapo ndipo lilipo funzo lake.

AKROPONG

Nketia alizaliwa tarehe 22 Juni, 1921, mjini Mampong katika nchi ya Waashanti, wakati Ghana ilipokuwa ikiitwa Gold Coast chini ya utawala wa Waingereza. Mwaka 1937 alijiunga na chuo cha ualimu cha Wapresbiteri huko Akropong, chuo kilichoanzishwa na wamisionari wa Basel mwaka 1848.

Miaka minne kabla ya yeye kuwasili, chuo hicho kilikuwa kimemwondoa kazini mwalimu wake wa muziki, Ephraim Amu. Kosa la Amu halikuwa uvivu wala ulevi. Alikuwa amehubiri kanisani akiwa amejifunga kitambaa cha kwao badala ya kuvaa suti, na alikuwa akitunga nyimbo za ibada kwa lugha na mapigo ya watu wake, na kuthubutu kutumia ala za Kiafrika. Kwa wakuu wa kanisa wa wakati ule, mambo hayo hayakuvumilika kwa mwalimu aliyetazamiwa kuwa kielelezo cha ustaarabu. Amu akaenda zake mwaka 1933.

Lakini kumfukuza mwalimu si kuifukuza elimu yake. Nyimbo za Amu zilibaki midomoni mwa wanafunzi aliowaacha, na Nketia alizikuta. Kijana huyo aliona mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba muziki wa Mwafrika ungeweza kuandikwa na kufundishwa darasani kama muziki mwingine wowote, na kwamba mtu angeweza kupoteza mkate wake kwa kufanya hivyo. Alipomaliza masomo alibaki hapo hapo Akropong akafundisha lugha ya Twi na muziki, kazi mbili ambazo kwake zilikuwa kazi moja.

LUGHA NA NGOMA

Mwaka 1944 Nketia alikwenda London kusomea elimu ya lugha katika chuo cha uchunguzi wa mambo ya Asia na Afrika, na baadaye akaendelea na shahada ya kwanza pamoja na masomo ya muziki, akarudi nyumbani mwaka 1949. Mtu anaweza kuuliza: mwanamuziki alifuata nini katika elimu ya lugha? Jibu lake ni muhimu, kwa sababu ndilo lililoifanya kazi yake yote iwezekane.

Twi, lugha ya Waakan, ni lugha yenye toni. Neno lile lile likitamkwa kwa sauti ya juu au ya chini hubadilika maana. Kwa hiyo mtungaji hawezi kujipangia sauti ya wimbo apendavyo, kwani akipandisha pasipopandishwa huharibu neno. Na ni kwa sababu ya toni hizo kwamba ngoma huweza kusema. Jozi ya ngoma ziitwazo atumpan, moja yenye sauti ya juu na nyingine ya chini, huweza kuigiza methali, sifa za mtemi au salamu kwa mababu, na wenye kuielewa wakasikia maneno bila mdomo kufunguliwa. Wamisionari wengi walisikia kelele. Wapelelezi wa Ulaya walisikia ishara za vita. Nketia, aliyejua sarufi na sauti za lugha yake, alisikia fasihi.

Mwaka 1952 aliajiriwa kuwa mtafiti katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Gold Coast, kilichokuwa na umri wa miaka minne tu, kwa mwaliko wa mwanazuoni wa elimu ya jamii, Kofi Busia. Kuanzia hapo alitembea nchi nzima na kinasa sauti, akakaa na wazee, akahudhuria misiba, akarekodi. Mwaka 1955 kilitoka kitabu chake juu ya nyimbo za maombolezo za Waakan. Nyimbo hizo huimbwa na wanawake. Ndani yake hutajwa ukoo wa marehemu, mababu zake mashuhuri, na mahali ukoo ulipotoka. Kwa maneno mengine, mwanamke anayelia mbele ya maiti alikuwa pia mtunza kumbukumbu za taifa, wala hakuna chuo kilichowahi kumtambua hivyo. Mwaka 1963 kilifuata kitabu chake kikubwa juu ya upigaji ngoma miongoni mwa Waakan, ambamo alieleza kwamba mpigaji hutumia ngoma kwa namna tatu: kusema, kutoa ishara, na kuchezesha.

Katika uchunguzi huo lilijitokeza jambo jingine ambalo lingefaa kuwekwa moyoni na kila anayeshika ofisi. Wataalamu wa Kizungu walikuwa wamehangaika sana kuandika mapigo ya Afrika kwa noti. A. M. Jones, mmisionari aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alitoa kitabu mwaka 1959 ambamo kila mpigaji alichorewa mistari yake mwenyewe, hata ikaonekana kana kwamba kila mmoja anakwenda njia yake. Nketia alishika njia nyingine. Alionyesha kwamba katika ngoma nyingi za Afrika ya Magharibi kuna mlio mmoja mfupi, mara nyingi wa kengele ya chuma, unaorudiwa bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Ngoma zote nyingine, hata ile kubwa inayoongoza, hujua mahali pake kwa kuusikiliza mlio huo. Mpiga kengele hasifiwi na watazamaji. Hatungi mbwembwe. Lakini yeye akipotea, wote wanapotea.

TAASISI

Ghana ilijitawala tarehe 6 Machi, 1957. Serikali ya Kwame Nkrumah ilitambua mapema kwamba bendera peke yake haiwezi kuondoa utumwa wa mawazo. Chuo kikuu kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza kilikuwa na walimu hodari na majengo mazuri juu ya kilima cha Legon, lakini kijana wa Ghana aliweza kupita humo akajua habari za Ugiriki ya kale kuliko za Mampong. Ndiyo sababu ikaundwa Taasisi ya Uchunguzi wa Mambo ya Afrika, ambayo Nkrumah mwenyewe aliifungua rasmi tarehe 25 Oktoba, 1963. Katika hotuba yake siku hiyo aliwataka wanazuoni waisome Afrika kwa macho ya Afrika, na akasisitiza muziki, ngoma na michezo ya kuigiza kuwa sehemu ya kazi hiyo.

Hotuba ni jambo moja, na utekelezaji ni jambo jingine. Barani Afrika hotuba nzuri juu ya utamaduni hazikuwahi kuadimika. Kilichoadimika ni mtu wa kukaa siku ya pili yake akapanga mitaala, akatafuta walimu, akaomba fedha, akapigania vyumba. Nketia alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwaka 1962 ilianzishwa Shule ya Muziki na Michezo ya Kuigiza chini ya uongozi wake. Mwaka huo huo, yeye pamoja na Mawere Opoku, bingwa wa sanaa ya kucheza, waliunda Kikundi cha Ngoma cha Ghana, ambamo vijana wa sehemu mbalimbali za nchi walijifunza ngoma za makabila yasiyo yao. Mwaka 1965 Nketia akawa Mkurugenzi wa Taasisi nzima, akishika nafasi ya Mwingereza Thomas Hodgkin.

Yafaa kutazama aliipangaje kazi, kwa maana mpango wenyewe ulikuwa wa mtafiti wa nyimbo. Kwanza kukusanya: watu kwenda vijijini kurekodi. Pili kuhifadhi: mikanda ya sauti kuwekwa mahali pamoja, ikaandikwa imetoka wapi na kwa nani. Tatu kufundisha: yaliyokusanywa yaingie darasani. Nne kuyarudisha kwa wananchi kwa maonyesho na vitabu, vikiwamo vile vilivyoandikwa kwa lugha ya Twi. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo kikuu wakatakiwa kusoma somo la mambo ya Afrika, hata wale wa sayansi na sheria. Na Ephraim Amu, yule aliyefukuzwa Akropong kwa sababu ya kitambaa na ngoma, akapewa nafasi ya kufanya kazi Legon katika miaka ya 1960, akiwa mzee wa kuheshimiwa.

MAFUNDI

Hata hivyo hatua iliyohitaji moyo kuliko zote ilikuwa ile ya kuwaleta chuoni mafundi wenyewe wa ngoma. Hawa walikuwa watu ambao elimu yao ilipatikana kwa kukaa miaka mingi karibu na baba au mjomba. Wengi wao hawakuwa na cheti cha aina yoyote. Kakraba Lobi, mpigaji mashuhuri wa marimba ziitwazo gyil za kaskazini ya Ghana, alifundisha katika Taasisi hiyo kwa miaka mingi. Wanafunzi waliotoka Ulaya na Marekani na shahada zao walikuja kukaa chini mbele yake, wakaambiwa warudie tena na tena mpaka mkono ukubali.

Kila aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya utumishi anaweza kuona ugumu wa jambo hilo. Fomu ya ajira huuliza: umesoma wapi, umefaulu daraja gani, cheti namba ngapi? Haina mahali pa kuandika kwamba mwombaji anajua mapigo mia mbili kwa moyo na historia ya kila moja. Taasisi inayofuata fomu peke yake itamwajiri kijana aliyeandika tasnifu juu ya ngoma na kumwacha nje mzee aliyempa kijana huyo yote aliyoyaandika. Legon ilithubutu kumwingiza ndani mzee huyo, na kumtazama kuwa mwalimu.

Haimaanishi kwamba tatizo lilikwisha. Katika vyuo vya Afrika, fundi asiye na shahada bado huitwa msaidizi au mkufunzi wa vitendo, hali profesa anayemtegemea hupanda cheo kwa kuandika juu yake. Kumkaribisha mtu mezani si sawa na kumpa kiti kinacholingana na kazi yake. Nketia alifungua mlango. Walioshika ofisi baada yake, katika Ghana na kwingineko, wanalo deni la kumalizia. Deni hilo haliwezi kulipwa kwa nishani na vyeti vya heshima vinavyotolewa mzee akiwa karibu na kaburi.

MAPINDUZI

Tarehe 24 Februari, 1966, Nkrumah akiwa safarini kuelekea Hanoi, wanajeshi na polisi waliipindua serikali yake. Sanamu yake mjini Accra ilivunjwa. Mengi aliyoyaanzisha yalifungwa, yakabadilishwa jina au yakaachwa yafe. Taasisi iliyofunguliwa kwa hotuba ya Rais mwenyewe ingeweza kwa urahisi kuhesabiwa kuwa ni chombo cha mtu aliyeangushwa.

Haikufa. Nketia aliendelea kuwa Mkurugenzi wake kwa zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, chini ya serikali za kijeshi na za kiraia. Inafaa ikumbukwe kwamba Busia, aliyemwingiza Nketia katika chuo kikuu mwaka 1952, alikuwa baadaye mpinzani mkubwa wa Nkrumah, akaenda uhamishoni mwaka 1959, na akawa Waziri Mkuu mwaka 1969. Mtu mmoja aliitwa kazini na Busia, akakabidhiwa madaraka wakati wa Nkrumah, akayashika wakati wa wanajeshi, na akayashika tena wakati wa Busia. Wapo watakaosema kwamba huo ni ujanja wa kugeuka na upepo. Lakini kinyonga hubadilika rangi, na kazi ya Nketia haikubadilika rangi. Mikanda iliyorekodiwa kabla ya mapinduzi ndiyo iliyosikilizwa baada ya mapinduzi. Ngoma zilizofundishwa mwaka 1965 ndizo zilizofundishwa mwaka 1967.

Hapo ndipo mfano wa kengele unapopata maana yake. Wacheza ngoma hubadilishana uwanjani, anayeongoza leo huchoka kesho akampisha mwingine, lakini mlio ule mfupi hauna budi kuendelea. Kiongozi wa chuo ambaye kazi yake imefungamana na jina la mtawala huanguka naye. Kiongozi ambaye kazi yake imefungamana na mahitaji ya wananchi huwa na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka, kwa sababu hata serikali mpya inahitaji walimu na vitabu na kumbukumbu. Watumishi wa umma wanaodhani kwamba juhudi ni kutaja jina la mkubwa katika kila ripoti wangefanya vema kulitafakari jambo hilo.

LAWAMA

Haitakuwa haki kumwandika Nketia kama mtu asiye na la kulaumiwa. Lawama mbili hutajwa, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba ngoma ikitolewa kijijini ikapandishwa jukwaani hubadilika. Ngoma ya msiba inapochezwa ukumbini ambamo hakuna aliyefiwa, kwa dakika saba, watazamaji wakiwa wamekaa kimya kwenye viti, je, hiyo bado ni ngoma ile ile? Waliounda Kikundi cha Ngoma cha Ghana walilijua swali hilo, wakaamua kwamba taifa lenye makabila mengi linahitaji mahali ambapo watu wake wataonana. Uamuzi huo unaweza kutetewa. Lakini hatari yake imeonekana katika nchi nyingi za Afrika, ambako vikundi vya taifa viligeuka kuwa mapambo ya uwanja wa ndege, vikicheza mbele ya kila mgeni mwenye cheo. Kinga pekee dhidi ya hatari hiyo ni ile ambayo Nketia aliisisitiza, yaani kwamba jukwaa lisitenganishwe na uchunguzi. Anayecheza ajue anacheza nini, kimetoka kwa nani, na kilikuwa na kazi gani.

Lawama ya pili ni ya safari zake. Mwaka 1958 alikwenda Marekani kwa ufadhili kusoma zaidi, na hiyo haina ubaya. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na kutoka mwaka 1983 hadi 1991 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Kitabu chake kinachojulikana zaidi duniani, juu ya muziki wa Afrika kwa jumla, kilichapishwa New York mwaka 1974. Je, si kweli kwamba Afrika ilimsomesha na Marekani ikavuna?

Miaka hiyo ilikuwa migumu Ghana. Bei za bidhaa zilipanda bila kipimo, maduka yakawa matupu, na walimu wengi wakakimbilia nchi za nje. Wengi hawakurudi. Nketia alirudi. Akiwa na umri wa miaka 70 hivi, wakati ambapo wenzake walikuwa wakijenga nyumba za kustaafia, alianzisha Legon, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kituo cha kimataifa cha muziki na ngoma za Afrika, akaanza upya kutafuta vitabu, mikanda na fedha. Swali juu ya wasomi wanaokwenda nje lisiishie katika kuuliza walikwenda kwa nini. Liulize pia walirudi na nini, na nyumbani palikuwa na mahali pa kukiweka walichorudi nacho. Nketia alikuwa na mahali hapo kwa sababu alipajenga mwenyewe kabla ya kuondoka. Ni wangapi wanaotazamiwa warudi katika vyumba visivyo na umeme wala rafu?

KUTUNZA

Leo hii mikanda aliyoanza kuirekodi katika miaka ya 1950 imo katika hifadhi ya Taasisi hiyo ya Legon inayoitwa kwa jina lake. Humo zimo sauti za watu waliozaliwa kabla ya Waingereza kuitwaa nchi yote ya Waashanti. Waliozirekodi walifanya kazi isiyo na shangwe: kuandika tarehe, kijiji, jina la mwimbaji, aina ya wimbo. Mkanda usio na maandishi hayo ni sauti tu. Ukiwa nayo ni ushahidi.

Jambo hili linawahusu walimu wa Tanzania kwa karibu. Mwezi Desemba 1962, mwaka ule ule ambao Legon ilianzisha shule yake ya muziki, Mwalimu Nyerere aliunda wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, na baadaye, mwaka 1981, kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nia ilikuwa moja pande zote mbili za bara. Lakini mahali ambapo nia hiyo huishi au hufa si wizarani peke yake. Ni katika shule ya msingi ambako mwalimu huwafundisha watoto ngoma kwa ajili ya mashindano, mzee wa kijiji akaja kuwaongoza jioni mbili tatu, wakashinda kombe, na jina la mzee lisiandikwe popote. Mwaka unaofuata mzee huyo hayupo. Daftari la shule lina orodha ya madawati na majembe, halina wimbo hata mmoja.

Kuandika majina na maneno hayo hakuhitaji mfadhili wala semina. Kunahitaji mwalimu mwenye kalamu, na mkuu wa shule anayeona kwamba kazi hiyo ni kazi. Kunahitaji pia ofisa wa elimu ambaye, akiletewa daftari la namna hiyo, hatauliza lina faida gani katika mtihani.

KURUDI

Chuo ambacho Nketia alikuwa Mkuu wake wa kwanza katika uzee wake ni Taasisi ya Akrofi-Christaller, inayoshughulikia elimu ya dini na utamaduni wa Afrika. Taasisi hiyo iko Akropong. Katika mji ule ule ambako mwalimu wa muziki alifukuzwa mwaka 1933 kwa kuvaa kitambaa na kupenda ngoma, mwanafunzi wa nyimbo zake alipewa joho la Mkuu wa chuo, baada ya kutumia maisha yake yote kuthibitisha kwamba mwalimu yule hakuwa na kosa.

Safari hiyo kutoka kufukuzwa hadi kutawazwa ilichukua zaidi ya miaka sabini. Haikufanywa na hotuba, wala na hasira peke yake, ingawa hasira ilikuwa halali. Ilifanywa na mtu aliyesikiliza kwanza, akaandika alichosikia, akajenga mahali pa kukiweka, na akawaita wenye elimu hiyo waje waifundishe wenyewe. Vyuo vya Afrika bado vina viongozi wengi wanaojua kupiga ngoma kubwa. Havijapata bado wapiga kengele wa kutosha.